Tundu la Hamsini

Karatasi yenyewe ilikuwa moja tu, ya daftari la shule, na maneno yake hayakujaza hata mistari mitano. Lakini polisi walikuwa wameshaipa jina. Kwenye nakala aliyoishika Mutanu, pembeni, mtu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu neno la Kiingereza lenye maana ya ungamo, kisha akalipigia mstari mara mbili, kana kwamba mstari mmoja usingetosha kumfunga mtu.

"Nisomee wewe mwenyewe," Mutanu alisema, akaisukuma karatasi juu ya meza ya jikoni.

Kalume Akilimali aliisoma polepole. "'Kaka Wainaina, unisamehe. Hii kazi ilipita mu mikono yangu. Naomba pardon kwako na kwa jamaa yako yote. Miye Kalume.'" Akaiweka chini. "Njo hiyo tu, Mama Mutanu."

"Uliiandika lini?"

"Siku ya pili yake. Nilienda hospitali na mikate na maji ya machungwa. Walinikatalia kuingia, njo nikaacha barua kwa muuguzi."

"Na ulikuwa umekosea nini hata uombe msamaha?"

Kalume alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini watu huamkiana. "Sikukosea kitu. Lakini mutu ameumia na kitu chenye kilitoka mu mikono yangu. Kwetu huwezi kubaki nyumbani. Unaenda, unapiga magoti, unaomba pardon. Mambo ya nani alikosa, hiyo wakubwa wataangalia nyuma."

Mutanu alisikia hasira ikimpanda, akainywa na chai. Mtu anafunzwa adabu na mama yake, anaibeba adabu hiyo kutoka Kivu, Kongo, hadi Macquarie Fields, kitongoji cha Sydney, halafu watu wasiomjua wanaisokota kuwa kamba ya kumfungia. Na kamba hiyo ilibakiza saa chache tu ikazwe.

Wiki tano nyuma, Jumapili asubuhi, bunduki ya Wainaina, muuguzi Mkenya wa Quakers Hill, ilikuwa imempasukia mikononi katika uwanja wa shabaha wa klabu ya Ironbark Flat, nje kidogo ya Penrith. Jicho la kulia lilikwenda, pamoja na vidole viwili. Risasi alizokuwa akipiga zilijazwa kwa mkono katika chumba cha klabu, na aliyezijaza ni Kalume, ambaye siku za wiki alibeba makasha ghalani na Jumamosi alifanya kibarua chini ya Clive Hallam, fundi mkuu wa klabu. Hallam aliwaambia polisi kwamba Kalume alizidisha baruti. Basi polisi walikuwa na neno la Hallam, walikuwa na barua, na walikuwa na Mkongo, na kwa hesabu yao hayo matatu yalitosha.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Saa kumi jioni Sajini Kearney angeandikisha mashtaka. Kesho yake Lydie, mke wa Kalume, alikuwa na miadi ya visa huko Nairobi, baada ya kungoja miaka sita. Wakili Omollo, mwajiri wa Mutanu, alikuwa amelisema jambo hilo bila kulipaka sukari: mume anayemdhamini akiwa na kesi ya jinai, Lydie ataulizwa juu yake, na faili litarudi kabatini. Litatoka lini tena, hakuna wa kusema.

Mutanu alikuwa na sababu zake za kuichukia kesi hii. Kule Nairobi alikuwa amefanya kazi miaka kumi na miwili katika maabara ya polisi, akichunguza bunduki na risasi. Sydney haikutaka kusikia habari za miaka hiyo. Ilimpa glavu na aproni, akaosha wazee kwa miaka mitatu katika nyumba ya kuwatunzia, hadi Omollo alipomchukua awe mpelelezi wake. Hilo alikuwa hajalisamehe, wala hakuwa na mpango wa kulisamehe.

"Nieleze unavyopima baruti," alisema.

"Kule Kamituga nilipima zahabu miaka nane." Kalume alinyoosha vidole, vyembamba na vitulivu. "Mizani ya mkono, na mu upande mwingine njiti ya kiberiti. Ukikosa nusu ya njiti, watu wanachomoa visu. Hapa Hallam eko na mizani ya umeme. Ile ni mchezo ya watoto."

"Na unajuaje kwamba mizani haikudanganyi?"

"Kwanza naweka jiwe lake, lenye uzito unajulikana. Kisha kila risasi kumi narudia jiwe."

"Ukishajaza?"

"Kila sanduku miye natoaka risasi moja. Naiandikia tarehe, naitia mu kopo. Njo shahidi. Hata zahabu, unabakisha kachembe kamoja pembeni. Watu wakigombana, munarudi kwa kale."

Kalamu ya Mutanu ilisimama. "Hallam anajua?"

"Hakuniuliza. Yeye na miye tunaongea kidogo tu."

"Kwa hiyo sanduku lako huwa na risasi ngapi?"

"Matundu hamsini. Risasi makumi ine na kenda."

Arobaini na tisa. Mutanu alifungua faili, akatafuta orodha ya polisi ya vitu walivyochukua uwanjani siku ya ajali. Maganda yaliyopigwa yakabaki mazima: kumi na moja. Ganda lililopasuka: moja. Risasi zisizopigwa bado: thelathini na nane. Alijumlisha kichwani, halafu akajumlisha tena kwa kidole juu ya karatasi, maana jambo la namna hii mtu hupenda kuliona kwa macho.

Hamsini.

Hakumwambia Kalume kitu. Matumaini ni kitu cha kugawa kwa kijiko. "Jumamosi hiyo ulijaza masanduku mangapi?" aliuliza tu.

"Mawili. Fataki zinakuja mia mu sahani moja, ile kakofia kadogo kanawashaka baruti. Sahani ikiisha, kazi inaisha. Fataki mia, risasi mia, masanduku mawili, na mashahidi wawili mu kopo."

"Kopo liko wapi sasa?"

"Kule klabu, raki ya chini, nyuma ya matambara. Risasi siwezi kuleta nyumbani, ni sheria." Alisita. "Mama Mutanu, Lydie ameniuliza avae nguo gani kesho. Nimujibu nini?"

"Mjibu avae ile anayoipenda," Mutanu alisema, akatoka kabla sauti haijambadilika.

Njia yote ya kwenda Penrith aliendesha kwa mkono mmoja, mwingine ukipiga usukani. Alikuwa na dhana mbili. Ya kwanza ilikuwa nyepesi: mizani mbovu. Mizani ikidanganya, mpimaji hana kosa, na aliyeiweka mezani ndiye wa kujibu. Ya pili ilikuwa lile tundu la hamsini ambalo Kalume hakulijaza, na hiyo bado hakuthubutu kuiamini.

Clive Hallam alimpokea mlangoni mwa chumba cha kujazia risasi, amevaa kaptura katikati ya baridi ya Julai. Alikuwa na miaka sitini na kitu, mpole, mwenye mikono safi. Upole huo ndio uliomuudhi Mutanu kuliko yote. Mtu mkali unajua pa kumshikia.

"Namhurumia sana yule kijana," Hallam alisema. "Kijana mzuri. Mchapakazi."

"Ana miaka arobaini na mmoja."

"Kweli? Huwezi kumdhania."

Mutanu aliweka simu yake mezani. "Nitarekodi mazungumzo, ukikubali."

"Rekodi tu. Sina la kuficha."

Alianza na mizani. Aliomba jiwe la kupimia, akaliweka, akasoma. Sawasawa. Alilitoa, akaliweka tena, akawasha taa, akazima taa, akafunga mlango upepo usiingie, akarudia hadi mara kumi. Mara zote kumi mizani ilisema kweli. Dhana ya kwanza ikafia pale pale mezani, na Hallam aliisindikiza kwa tabasamu.

"Mizani ni nzima, mama. Tatizo ni mkono. Na yeye mwenyewe amekiri, ameandika barua."

"Nimeiona barua," Mutanu alisema. Aligeuka taratibu, macho yakipita juu ya raki. "Na hiki ni kitu gani?"

Alikijua vizuri. Alikuwa ametumia vitu vya jinsi hiyo tangu Hallam hajui kama kuna mji unaitwa Nairobi. Lakini mtu anayependa kufundisha hufundisha hata yale ambayo hakuulizwa, kwa hiyo Mutanu aliuvaa uso wa mgeni, akangoja.

"Ah, hiyo ni kronografu," Hallam alisema, na sauti yake ikapata joto. Alishusha kisanduku kirefu chenye macho mawili juu na vizibo vyeupe vya kukinga jua. "Inapima mwendo wa risasi. Unaisimamisha mbele ya mtutu, hatua kadhaa, moshi na kishindo visiivuruge. Risasi ikipita jicho la kwanza, saa inaanza. Ikipita la pili, saa inasimama. Futi ngapi kwa sekunde, inakuandikia. Mtu anayejaza risasi bila kronografu anakisia tu."

"Inakumbuka?"

"Kila risasi, kwa tarehe na kwa mpangilio." Alibonyeza, kioo kikawaka. "Tazama hii. Hapa nilikuwa natafuta mchanganyiko wa mashindano ya jimbo. Unaanza na baruti kidogo. Risasi ya pili unaongeza kiasi, ya tatu unaongeza kiasi kile kile, hivyo hivyo kama ngazi. Kila moja naipa namba kitakoni, kwa kalamu ya buluu, zisichanganyike. Halafu unazipiga kwa zamu, na kronografu inakwambia kila kidato kimekupa nini."

"Ulifanya hivyo lini?"

"Alhamisi. Siku tatu kabla ya ile ajali."

Mutanu aliinama asome. Namba zilikuwa saba: 2,608. 2,631. 2,650. 2,674. 2,693. 2,717. 2,789.

Alizisoma mara moja, ikamtosha. Vidato vitano vya kwanza vilikuwa vimeongeza mwendo futi ishirini hivi kila kimoja, sawa na mtu anayepanda ngazi bila haraka. Kidato cha sita kilikuwa kimeruka sabini na mbili. Baruti iliyoongezwa ni ile ile, lakini mwendo umefyatuka zaidi ya mara tatu. Mwendo haupatikani bure. Ukiuona umekuja kwa bei rahisi hivyo, ujue mgandamizo ndani ya mtutu umepita kiasi, na chuma kimeanza kulipa.

"Hii ya mwisho mbona imeruka?" aliuliza kwa sauti ya mwanafunzi.

"Jicho zuri," Hallam alisema, kweli akiwa amefurahi. "Hapo ndipo mtu mwenye akili anasimama. Kronografu ikikuonyesha hivyo, unaweka bunduki chini, huendelei."

"Nawe ulisimama."

"Bila shaka. Nina miaka thelathini katika kazi hii."

Kando ya kronografu kulikuwa na daftari la kazi la Hallam, limefunguliwa ukurasa wa Alhamisi ile. Mistari saba ilikuwa na uzito wa baruti na mwendo. Mstari wa nane ulikuwa na uzito wa baruti peke yake, na nafasi ya mwendo ilikuwa tupu. Pembeni ya daftari kulikuwa na kibao chenye maganda saba yaliyopigwa, yamesimama kwa safu, na kila moja lilikuwa na namba ya buluu kitakoni. Mutanu aliomba ruhusa ya kupiga picha. Hallam akamsogezea taa aone vizuri.

Sasa alijua kwamba akikosea swali moja tu mlango utafungwa. Aliketi. Alijifanya amechoka.

"Bwana Hallam, nisaidie kitu kimoja nikamwambie wakili. Sanduku alilopewa Wainaina, ulimkabidhi wewe?"

"Mimi mwenyewe. Jumamosi jioni, dirishani pale. Nikamfungulia kifuniko aone."

"Lilikuwa limejaa?"

"Hamsini kamili. Sanduku langu halitoki hapa na tundu wazi. Hilo ni jina langu."

"Kalume alikuwa amelijaza lote?"

Hapo Hallam alicheka kidogo, kicheko cha huruma, cha mtu anayemsitiri mwenzake. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba majivuno huifupisha zaidi.

"Ukitaka kweli, hapana. Ndiyo maana nasema tatizo ni mkono. Yule bwana hata kuhesabu hawezi. Kila sanduku lake nalikuta na arobaini na tisa. Kila sanduku. Mwanzoni nilidhani anaiba. Baadaye nikaona, masikini, labda shule hakufika mbali. Sikumwambia kitu, nisimwaibishe. Najazia mwenyewe."

"Jumamosi ile pia ulijazia?"

"Nilijazia."

"Kwa risasi gani?"

Hallam alianza kufuta kioo cha kronografu kwa kidole.

Mutanu alisimama, akachuchumaa kwenye raki ya chini, akaondoa matambara. Kopo la kahawa lilikuwapo. Ndani yake risasi zilikuwa zimefungwa moja moja kwa vipande vya karatasi, na kila karatasi ilikuwa na tarehe kwa mwandiko mdogo, wa mtu aliyezoea vitu vya thamani. Za Jumamosi ile zilikuwa mbili.

"Haya ndiyo masomo yake," alisema. "Anaacha shahidi mmoja kwa kila sanduku, ili ubishi ukitokea pawe na cha kurejea. Alijaza risasi mia kwa fataki mia. Mbili hizi hapa. Sanduku la pili la siku hiyo liko wapi?"

Hallam alilionyesha kwa kidevu. Lilikuwa bado juu ya raki, na tarehe juu yake. Mutanu alilifungua mbele ya simu, akahesabu kwa sauti. Arobaini na tisa, na tundu moja pembeni likiwa wazi.

"Hili hukulijazia."

"Sikuwa na..." Hallam alianza.

"Hukuwa na nyingine. Ulikuwa na moja tu." Aligeuza daftari likamtazama mwenyewe. "Risasi ya nane, Bwana Hallam. Uliijaza, baruti yake umeiandika hapa. Hukuipiga, kronografu inasema saba. Iko wapi?"

"Niliifungua. Nikamwaga baruti."

Mutanu alitoa kwenye faili picha ya polisi. Lilikuwa ganda lililompasukia Wainaina, limetatuka ubavuni, na kitako chake kimepigwa picha kwa karibu. Kwenye shaba kulikuwa na alama hafifu ya buluu, viduara viwili, kimoja juu ya kingine, cha chini kimefutika nusu. Maelezo ya polisi chini ya picha yalisema: doa. Aliiweka picha kando ya kile kibao, mbele ya namba saba zilizoandikwa kwa mkono ule ule na wino ule ule.

Hallam alikaa. Upole ulimtoka usoni, na chini yake palikuwa na mzee aliyeogopa tu.

"Ilikuwa kidato kimoja zaidi," alisema mwishowe. "Kimoja. Kila kitu kilikuwa juu yake, shaba, kichwa, fataki. Nilichukia kuitupa. Bunduki imara ingeistahimili."

"Yako ni imara?"

"Imara sana."

"Mbona basi hukuipiga wewe?"

Hallam aliisukuma picha mbali naye. Mutanu alisubiri, na kadiri alivyosubiri ndivyo hasira ilivyotulia ikawa kitu kigumu, chenye ncha.

"Ulijua tangu lini?"

"Sikujua. Nilijiuliza."

"Ulijiuliza wiki tano. Wainaina anafundishwa kushika kijiko kwa mkono wa kushoto, wewe unajiuliza. Kalume anaambiwa na ghala akae nyumbani bila kazi, wewe unajiuliza. Polisi walikaa kwenye kiti hiki hiki, ukawaambia mtu huyo alizidisha baruti."

"Yeye ndiye aliyeomba msamaha," Hallam alisema kwa sauti ndogo. "Nikadhani labda naye anajua kitu."

Mutanu alitamani kumjibu, lakini saa ya ukutani ilikuwa imepita saa nane na nusu. Alimpigia Omollo pale pale.

"Wakili, nimeipata. Rekodi ninayo, picha ninazo, na mwenye risasi amekubali kwa mdomo wake. Mwambie Kearney atume mtu achukue kronografu, daftari, kopo na lile sanduku la pili, hapa hapa, kabla hakijaguswa kitu. Mimi sitoki hadi wafike."

"Mutanu, umemshika huyo mtu shati?"

"Bado."

"Usimshike. Nampigia Kearney sasa hivi, kisha tukutane station."

Polisi wawili walifika baada ya nusu saa, wakafungasha kila kitu kwenye mifuko. Hallam alisema anataka wakili. Ilikuwa haki yake, na Mutanu hakumnyima, ila alikumbuka kwamba Kalume alihojiwa kwa muda wa saa nne kwa msaada wa mkalimani wa simu, na hakuna aliyemwambia kwamba haki hiyo ni yake pia.

Kituoni aliingia saa tisa na dakika arobaini. Omollo alikuwa ameshafika, mrefu, tai imelegea, akimweleza Sajini Kearney mambo kwa sauti ya chini. Kearney alikuwa mtu wa makamo mwenye macho ya usingizi. Alisikiliza rekodi hadi mwisho bila kukatiza. Alikuza picha ya ganda kwenye kompyuta, akalitazama lile doa kwa muda mrefu.

"Ni nane," alisema.

"Ilikuwa nane tangu mwezi jana," Mutanu alijibu.

Kearney aliifunga picha. "Sawa. Sifungui mashtaka dhidi ya Akilimali. Nitawaandikia barua wiki ijayo."

"Leo," Omollo alisema. "Mkewe yuko interview kesho asubuhi. Watu wa visa waliambiwa kuna uchunguzi. Anahitaji karatasi mkononi."

Kearney alishusha pumzi, akaandika, akabonyeza, na mashine ikatema ukurasa mmoja. Alimkabidhi Mutanu kama mtu anayemaliza jambo. Mutanu aliusoma akiwa amesimama. Ulisema kwamba baada ya kupitia mambo yote polisi wameamua kutoendelea, kwa sasa, kwa sababu ya kukosa ushahidi wa kutosha.

Aliusoma mara ya pili. Halafu aliurudisha mezani na kuugeuza ukamtazama Kearney.

"Hii siichukui."

"Samahani?"

"Ushahidi wa kutosha upo. Uko kwenye mifuko yako kule nyuma. Unaonyesha nani alijaza risasi ile na nani aliitia sandukuni. Ofisa wa visa akisoma hapa 'kwa sasa', akasoma 'kukosa ushahidi', ataelewa kitu kimoja: mtu huyu alifanya, ila hawakumpata."

"Haya ndiyo maneno yetu ya kawaida," Kearney alisema. "Kila mtu anapata haya."

"Mutanu," Omollo alisema taratibu, "tunaweza kuomba marekebisho kesho."

"Kesho Lydie atakuwa mbele ya dirisha, wakili." Alivuta kiti akaketi, akaweka mkoba juu ya magoti. "Mlipopata barua ya mtu mwenye huzuni, mkaiita ungamo, mlipata neno haraka sana, hata wino mwekundu mkaupata. Leo mmepata ukweli. Uandikeni kwa haraka ile ile."

Kearney alimtazama. Nje ya dirisha treni ilipita ikielekea mjini. Omollo aliangalia viatu vyake, na Mutanu aliona kona ya mdomo wake ikijizuia.

"Niandikeje?" Kearney aliuliza hatimaye.

"Kilichotokea."

Kearney alivuta kibodi. Aliandika kwa vidole viwili, akafuta, akaandika tena, na ikamchukua muda mrefu kuliko barua ya kwanza. Ukurasa ulipotoka Mutanu aliusoma neno kwa neno, akaomba saini, akaomba tarehe, akaomba muhuri. Kisha aliupiga picha, akatoka hadi barazani, akampigia Kalume.

"Mama Mutanu." Alikuwa amepokea kabla simu haijalia mara ya pili. "Saa kumi imefika."

"Imefika. Hawakushtaki. Barua ninayo mkononi, nakutumia sasa umtumie Lydie."

Kalume aliuliza, kwa uangalifu wa mtu anayepima kitu kidogo sana, "Wameandika kama wamenisamehe?"

Mutanu alifumba macho. Hasira yote ya siku ile ilimrudia kwa mara moja, wala safari hii haikuwa ya Hallam peke yake.

"Hapana, Kalume. Hakuna mtu hapa wa kukusamehe. Wameandika kwamba hukufanya."

"Wameandika hivyo? Hivyo hivyo?"

"Sikiliza. 'Risasi iliyomjeruhi Bwana Wainaina haikujazwa na Bwana Kalume Akilimali, na Bwana Akilimali hana kosa lolote katika tukio hili.'"

Alisikia kiti kikiburutwa, halafu sauti ya Kalume ikiwa mbali, akiongea kwenye simu nyingine, na sauti ya mwanamke ikiuliza kitu kutoka mbali zaidi. Kisha akarudi.

"Mama, soma tena."

Mutanu akasoma tena, polepole, kwa sababu sasa Lydie naye alikuwa akisikiliza.